Kinanda cha Kutoshea Mkoba wa Mama

Daktari alipomaliza kueleza jinsi atakavyoitoa goita kwenye shingo ya mama yangu, aliuliza kama tuna swali. Mimi nilikuwa nayo kumi na mawili, nimeyaandika kwenye simu. Mama akanitangulia.

"Nikitoka hapo, nitaimba alto?"

Daktari akatabasamu, akidhani ni mzaha. Mama hakutabasamu. Alikuwa ameimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya ya kanisa letu pale Dagoretti Corner tangu mimi sijazaliwa. Kabla ya hapo aliiimba shuleni kwao Magharibi, na miaka yote aliyofundisha shule ya msingi alikuwa akiwachambua watoto wa alto kutoka kwa wenzao kama mtu anayechambua mchele. Daktari akaona heri ajibu kwa adabu. Alisema mshipa unaoendesha sauti unapita karibu sana na pale atakapokata. Wengi sauti yao hurudi ilivyokuwa, wengine hubadilika, na yeye hawezi kuapa. Tukapewa wiki tatu za kujitayarisha.

Tulipotoka, hata geti la hospitali hatujalipita, Mama akaanza kulalamikia bei ya chai ya watu wa Parklands. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Kabla wiki tatu hazijaisha ningeirekodi sauti ile, tena vizuri, si kama kwenye ile video ya harusi ambapo anasikika nyuma ya jenereta. Niliogopa sana, nasema kweli. Mama angebaki, daktari hakuwa na shaka na hilo, lakini mimi sikumjua Mama asiye na sauti ile na sikutaka kuanza kumjua.

Kazi hiyo ningeiweza, au nilidhani ningeiweza. Mchana mimi hukaa mapokezi katika ofisi moja Westlands, nikiwaambia watu waandike jina na saa. Jioni hutunga vile vipande vya matangazo vinavyomfanya mtu akumbuke sabuni hata asipotaka, na kuipangia kwaya nyimbo kwa sauti nne. Yote hayo huyafanya kwa simu. Nilimwambia Mama twende studio ya rafiki yangu. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia twende disko.

"Studio ni mahali pa vijana wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba," akasema. "Mimi nina kuku wa kulisha."

Kuku wenyewe ni wawili.

Kinanda changu kikubwa nacho alikuwa amekipiga marufuku nyumbani kwake, tangu Krismasi moja ambapo waya wake ulimwangusha katibu wa akina mama wa kanisa akiwa na sinia ya chai. Katibu hakuumia, lakini vikombe vile vinatajwa hadi leo. Kwa hiyo nilihitaji kinanda kidogo, kisicho na waya, cha kuongea na simu yangu. Nikamwambia Mama ni cha kazi, nataka kupanga nyimbo za kwaya nikiwa popote. Akasema, "Sawa." Ile sawa yake fupi ingenishtua siku nyingine. Siku hiyo nilikuwa na haraka.

Wiki nzima, saa ya chakula, wenzangu wakila chapati na maharagwe, mimi nilikuwa nikisoma jinsi wazungu wanavyotukanana mtandaoni kuhusu vitufe. Kuna vinanda vya vitufe ishirini na vitano, vya thelathini na saba, vya arobaini na tisa. Kuna vyenye vitufe vyembamba vya vidole vya mtoto, na vipana vya vidole vya mtu. Nilijua betri ya kila kimoja inadumu saa ngapi. Nilijua pia ugonjwa mkubwa wa vinanda visivyo na waya, kwamba unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye kidogo. Nilijua hayo yote kiasi cha kuwachosha watu, na kumbuka hilo, maana aibu yangu inakuja.

Jumamosi nilipojitayarisha kwenda mjini, nikamkuta Mama amevaa viatu vya kanisani, mkoba begani.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Na wewe. Ukienda peke yako watakuuzia."

"Si ndiyo ninaenda kuuziwa?"

"Watakuuzia vibaya," akasema, akafunga mlango.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili katikati ya jiji, katika mojawapo ya yale majengo ambayo kila chumba kimegawanywa kwa mbao, hata anayeuza spika anakaribia kumkalia mapajani anayeuza chaja. Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya sufu kichwani, na alikuwa na tabia ya kupuliza vumbi kwenye vitu visivyo na vumbi.

"Sasa madam. Karibu mathe."

"Mathe ndiye nani?" Mama akauliza.

"Karibu, mama yangu," akajirekebisha upesi, akatuletea kiti.

Aliweka vinanda vitatu juu ya meza. Kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa amekwisha kuvibonyeza kama mtu anayechagua avokado, mbele, nyuma, tena mbele. Akainamisha sikio. Akamtazama mwenye duka kwa huruma.

"Hivi vyote vimekufa."

"Zii, mama, ziko poa kabisa. Hii haina sauti yake. Hii ni kama rimoti, inaambia simu umefinya wapi. Simu ya huyu madam ndiyo TV."

"Kwa hiyo unaniuzia rimoti kwa bei ya kinanda."

"Si mimi nimeitengeneza, mama."

"Kitu bubu hakiuzwi bei moja na kinachosema," Mama akasema, na mkono wake ukapanda shingoni kuiweka skafu sawa. Mimi nikajifanya kusoma maandishi ya boksi. Mwenye duka alipunguza bei papo hapo, na sijui kama ni kwa sababu ya hoja au ya kile alichokiona chini ya skafu.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye kile cha vitufe thelathini na saba, vipana, vizuri, vinavyosukuma kidole kurudi juu kama kinanda cha kweli. Nikakieleza kwa ufasaha. Mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza nani atakibeba.

"Mimi."

"Wewe? Wewe hubebi hata mwavuli."

Hapo ndipo alipoufungua mkoba wake na kuumwaga juu ya meza ya watu. Kitabu cha nyimbo. Biblia. Leso mbili. Dawa za presha. Mwavuli. Miwani isiyo na mkono mmoja. Karanga zilizofungwa kwa gazeti. Bahasha ya sadaka ya Jumapili iliyopita, ambayo tuliitazama wote watatu. Akavirudisha kimoja kimoja, akavipima na kinanda. Kile changu kilichomoza nje ya mkoba kama muwa. Kile kidogo cha vitufe ishirini na vitano kiliingia, zipu ikafunga, ila mwavuli ukakosa nafasi. Mwavuli nikapewa mimi.

"Kizuri chajiuza," Mama akasema, akiupigapiga mkoba.

"Mama amemaliza," mwenye duka akasema, naye alikuwa upande wake tangu zamani.

Nilibaki na neno moja tu. Nikachomeka hedifoni zangu za waya kwenye simu, nikaunganisha kinanda kwa blutuuthi, nikabonyeza mara kumi kusikiliza kama sauti inachelewa. Haikuchelewa. Nikatoka pale nikijiona mtaalamu.

Kesho yake baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kumwombea Mama kabla ya upasuaji. Walikuwa saba, na sofa za Mama zilivishwa vitambaa vipya. Sasa kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila maombi. Gari huombewa, cherehani huombewa, hata jiko la gesi la jirani yetu liliombewa nusu saa kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo nilipofika nilikuta kinanda changu mezani juu ya kitambaa cheupe, kama maiti mdogo, na Mama akiwaeleza kwamba mwanawe amenunua kinanda lakini ni bubu.

"Si bubu, Mama. Kinahitaji simu."

"Tupigie basi tusikie," mwenyekiti wa akina mama akasema.

Nikabonyeza. Kimya. Simu ilikuwa imekataa kukiona. Nikaanza kuhangaika na simu, nikizima hiki na kuwasha kile, huku mwenyekiti akiona hapa pana vita vya kiroho. Alisimama, akaweka kiganja chake kizima juu ya vitufe, akafumba macho. Aliomba kwa nguvu, na kadiri alivyoomba ndivyo alivyokandamiza. Alipofika pale pa "tunakiamuru kifungue kinywa chake, sasa!" ndipo simu ilipokubali.

Mimi programu nilikuwa nimeiacha kwenye kazi yangu ya mwisho, tangazo la sabuni ya kufulia, ambamo kila kitufe kilikuwa na kishindo chake. Kiganja cha mwenyekiti kilifyatua ngoma, makofi, vigelegele na filimbi ya refa kwa mpigo mmoja.

Wee! Haleluya ile ilisikika mpaka kwa mafundi wa samani kule barabarani. Mama mmoja alipiga magoti. Nilijaribu kueleza habari ya blutuuthi na ya sabuni, nikaambiwa ninyamaze nisimzimishe Roho. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akicheka, amejishika shingo kwa mikono miwili kwa sababu kucheka kulimuuma, machozi yanamtiririka. Kisha wakamgeukia yeye, wakamwekea mikono shingoni, na hapo hakuna aliyecheka. Niliomba kuliko wote.

Zikabaki siku sita. Nikachukua likizo, Jumatatu asubuhi nikawa kwa Mama, kinanda mapajani, simu mezani, spika ndogo nzuri juu ya kabati. Nikamwambia, "Imba tu, mimi nitakufuata."

Hapo inabidi nieleze desturi ya kanisa letu. Kwetu mwimbaji haulizi aanzie wapi. Anaanza kwa noti yoyote aliyoamka nayo siku hiyo, na mpiga kinanda anamtafuta chini kwa chini mpaka amkute. Mpiga kinanda mwenye adabu hamtangulii mwimbaji. Na mwimbaji mwenye adabu, akiona mpiga kinanda amebaki nyuma, anampunguzia mwendo. Mama ana adabu, na mimi amenifundisha yeye.

Akaanza. Nikamkuta ubeti haujafika nusu. Lakini sauti ya kinanda ikawa inatoka nyuma yake kidogo. Mama akanisikia nimebaki, akapunguza mwendo. Mimi nikamsikia amepunguza, nikapunguza. Kinanda kikabaki nyuma zaidi. Mama akanisubiri. Nikamsubiri. Ubeti wa tatu ulipofika tulikuwa tunaburuta wimbo kama watu wanaohamisha kabati, na ubeti wa nne haukufika kabisa.

"Mwanangu, unaumwa?" Mama akauliza.

Ilikuwa ni ile spika. Spika nayo haikuwa na waya. Kinanda kilipeleka habari kwa simu bila waya, simu ikaipeleka kwa spika bila waya, na kote huko sauti ilikuwa ikichelewa. Wiki nzima nimesoma jambo hilo hilo, nikalipima dukani kwa hedifoni za waya, halafu nyumbani nikaenda kuliweka juu ya kabati mwenyewe. Nikaizima spika, nikatoa hedifoni, nikamwekea Mama upande mmoja sikioni na mimi upande wa pili.

"Ulisema hakina waya," akasema, akiuinua waya kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota nywele kwenye supu.

"Kinanda hakina. Hii ni ya masikio."

"Haya."

Sasa tukaenda vizuri. Tatizo likawa lingine. Mama aliimba nyimbo tatu mfululizo, na zote aliimba alto. Alto tupu, bila wimbo wenyewe. Mtu akisikiliza anasikia mama akizungukazunguka chini ya kitu ambacho hakipo.

"Mama, imba basi ile sauti ya juu. Watu wajue ni wimbo gani."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Mimi ni alto. Soprano ni ya wanaotaka kuonekana. Nyumba inashikiliwa na alto."

"Lakini mtu akisikiliza baadaye..."

"Baadaye ya nini?"

Barabarani fundi mmoja aliwasha mashine ya kuranda mbao, ikalia, ikazimwa. Mama akaitoa hedifoni sikioni.

"Unafikiri sijui? Umeninunulia kinanda kwa sababu ya yale maneno ya daktari. Kazi, kazi, kazi gani? Wewe hujui kudanganya tangu darasa la tatu. Unanirekodi kama mtu anayekufa."

"Hufi, Mama."

"Basi mbona unalia?"

Kweli nilikuwa ninalia, tena kwa kelele, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwambia yote. Nikamwambia ninaogopa atatoka kule na sauti ya mtu nisiyemjua, na mimi sitaweza kuzoea, na nitakuwa nikimpigia simu na kusikia mtu mwingine akiniuliza kama nimekula. Mama alinisikiliza. Halafu akachukua leso moja ya mkobani, akanifuta pua kwa nguvu kama alivyozoea kuwafuta watoto wa shule, na akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Na mimi ninaogopa."

Mama yangu sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kinanda kilichokuwa katikati yetu kikajizima chenyewe kuhifadhi betri.

"Haya, washa," akasema hatimaye. "Alto naimba mimi. Soprano uimbe wewe, si unataka watu waujue wimbo. Na simama wima, usiniimbie umejikunja kama jongoo."

Tuliimba siku nne. Alinikaripia kwa pumzi, kwa matamshi, kwa kukimbilia mwisho wa mstari kana kwamba kuna chakula pale. Nyimbo kumi na moja zilipatikana, na katika nyingi kuku wanasikika. Sikuwafuta. Siku ya mwisho, alipomaliza ule wimbo mrefu anaoupenda, akashusha alto taratibu mpaka chini na kuiacha pale, hata mimi nilisahau kubonyeza cha kuzima.

"Sikiliza," akaniambia. "Nikitoka bila sauti, usinisikizishe hizo mpaka niombe mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Goita ilitoka yote, haikuwa na ubaya wowote, na tukamshukuru Mungu. Sauti ilitoka nayo. Wiki za kwanza alinong'ona tu. Kisha kikaja kitu kizito, chenye mikwaruzo, kinachokatika katikati ya neno. Daktari akasema tungoje miezi kadhaa. Akipiga simu, mara mbili nilisema "Nani mwenzangu?" kabla ya kujikamata, na mara zote mbili aliniuliza tu kama nimekula. Jumapili alikaa viti vya nyuma kanisani, mbali na kwaya, mdomo umefungwa. Nyimbo zile hakuziulizia, nami sikuzitaja.

Miezi minne ilipita hivyo. Alasiri moja nimekwenda kumpelekea dawa, tukinywa chai, akasema kwa ile sauti yake mpya, "Zilete."

Nikampa hedifoni zote mbili. Akasikiliza ule wimbo mrefu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono imelala mapajani, macho dirishani. Sikujua nitazame wapi. Ulipoisha, akazitoa.

"Huyo mama alijua kuimba," akasema.

Ile "huyo mama" ilinichoma kama nini.

"Lakini alikuwa akiringa kidogo," akaongeza.

Halafu akakivuta kinanda, akakiweka mapajani, akaniashiria niunganishe simu. Akabonyeza pale alto yake ilipokuwa ikianzia. Akajaribu. Sauti ikakatika. Akashuka kitufe kimoja, akajaribu, ikakatika. Akashuka tena. Vitufe vilipomwishia upande wa kushoto nikamwonyesha kidude cha kushusha sauti zote chini, akakibonyeza, akaendelea, kimoja baada ya kingine, bila haraka, akikohoa na kurudia. Nilitaka kumwambia aache. Kisha akafika pahali, akafungua mdomo, na sauti ikatoka nzima. Nzito, yenye changarawe, lakini nzima. Akaishikilia mpaka pumzi ikaisha.

"Hapa," akasema.

"Hapo ni sauti ya tenor, Mama," nikamwambia. "Hapo ni kwa wanaume."

Akakitazama kinanda, akanitazama mimi, akajifuta jasho kwa ncha ya leso.

"Basi waambie wasogee nipate kiti."